Gari Likiinuliwa, Usukani Hutetemeka: Kwa Nini?

Ndugu mkulima, ikiwa una Landrova au Toyota Land Cruiser ya kazi, na ikiwa umeliinua gari hilo ili lipite matopeni au lichukue mzigo zaidi, makala haya ni yako. Ikiwa hujaliinua bado, lakini umekwisha kupatana bei na fundi, basi yasome kabla hujampa pesa.

Sababu ya watu kuinua magari katika sehemu zetu inajulikana. Udongo mweusi wa Kano, toka Miwani hadi Ahero na kushuka Nyakach, ukinywa maji hushika magurudumu kama gundi. Mto Nyando nao hufurika. Wazee wanakumbuka mafuriko ya mwaka wa 1961, na hata vijana hawajasahau mwaka wa 2020, ziwa lilipopanda likaingia mashambani na majumbani mwa watu, wala mvua za 2024. Mtu aliyesukuma gari kutoka katika matope kama hayo mara tatu kwa msimu mmoja hawezi kulaumiwa akitaka liwe juu zaidi. Huko Muhoroni, Koru na Songhor shida kubwa ni mzigo: miwa, mahindi, mbolea, mawe ya kujengea. Mwenye gari huongeza bamba moja au mawili katika springi za nyuma, gari husimama mkia juu kama jogoo, naye hufurahi.

Baada ya majuma machache huja mashtaka. Gari likifika mwendo wa kilomita 60 au 80 kwa saa, likapiga shimo au tuta dogo la barabara, usukani huanza kuruka kushoto na kulia kwa nguvu hata mikono haiwezi kuuzuia. Mbele yote ya gari hutetemeka kama mgonjwa wa malaria. Dereva huona magurudumu yanapiga huku na huko, na hali hiyo haiishi mpaka mwendo upungue sana. Fikiri jambo hili likikupata kati ya Ahero na Awasi, na mbele yako linakuja lori la miwa.

Kabla ya kuendelea, yafaa kutenga mitetemeko miwili ambayo watu huichanganya. Kuna mtetemeko mdogo unaokuja polepole kadiri mwendo unavyozidi, kisha pengine hupotea ukizidi tena. Huo mara nyingi ni wa gurudumu lisilo na uzani sawa. Tairi limelika upande mmoja, au ringi imepinda, au (na jambo hili ni letu hasa) matope meusi yamekauka ndani ya ringi. Donge la matope lenye uzito wa nusu kilo, likizunguka pamoja na gurudumu, latosha kutikisa gari zima. Basi kazi ya kwanza haigharimu hata senti moja: osha ringi zako kwa upande wa ndani, si upande wa nje tu unaoonekana na watu wanaokwenda kanisani. Mtetemeko wa pili ni ule niliousimulia kwanza, unaolipuka ghafula baada ya pigo na kukataa kukoma. Huo ndio wa hatari, na ndio ninaotaka tuuzungumze.

SOMO LA BAISKELI

Itazame baiskeli yako kwa upande. Ule uma unaoshika gurudumu la mbele hausimami wima, bali umelala kidogo kwa juu kuelekea kwa mwendeshaji. Ukivuta mstari kufuata mlalo wa ule mhimili unaogeuzwa na usukani, mstari huo utagusa ardhi mbele kidogo ya pale tairi linapogusa. Kwa hiyo tairi daima linafuata nyuma ya mstari, kama ng'ombe anayevutwa kwa kamba. Ng'ombe anayevutwa hufuata. Ng'ombe anayesukumwa kwa nyuma hutangatanga. Hii ni sababu mojawapo iliyo kubwa ya mwendesha boda-boda kuweza kuachilia mikono akafunga kifungo cha shati, na baiskeli ikaendelea kwenda mbele.

Gari lako nalo limefanywa hivyo hivyo. Kila gurudumu la mbele hugeukia juu ya kingpini, na kingpini hizo kwa juu zimelala kidogo kuelekea nyuma, upande wa dereva. Mafundi huuita mlalo huu kasta. Ndio unaorudisha usukani katikati baada ya kukata kona, na ndio unaotuliza magurudumu yakipigwa na jiwe. Sasa sikiliza vizuri: katika Landrova za springi za mabamba, mlalo huo ni digrii 3 tu. Hakuna akiba kubwa hapo.

Haya, tufanye hesabu ndogo. Landrova ndefu ya inchi 109 ina kama mita 2.77 toka ekseli ya mbele hadi ekseli ya nyuma. Tuseme umeongeza mabamba nyuma, na nyuma pameinuka sentimita 10, nawe hukugusa mbele. Mwili wote wa gari, pamoja na springi na ekseli ya mbele zilizofungwa chini yake, umeinamia mbele kwa digrii 2 hivi. Toa 2 katika 3. Imebaki digrii 1. Fundi wako hakugusa usukani hata kidogo, naye atakuapia hivyo, na atakuwa anasema kweli. Lakini usukani umekwisha kuharibiwa kule nyuma.

Kutokana na hesabu hii utafahamu jambo linalowashangaza wengi. Gari hupeleka mzigo salama, kisha linatetemeka wakati wa kurudi. Watu hulaumu barabara, au husema upande wa kurudi una matuta mengi. Sivyo. Likiwa na mzigo, nyuma hushuka, gari hukaa sawa na kingpini hupata mlalo wake. Likishushwa mzigo, mkia hupanda na mlalo hupotea. Na nani hupanda katika gari linalorudi tupu? Ni mke wako aliyetoka sokoni Kibuye, ni watoto wanaorudi kutoka shuleni, ni vibarua walioomba kusogezwa mpaka njia panda. Wakati gari lina wapenzi wako ndani, ndipo liko katika hali yake mbaya kabisa.

Mambo mengine huongeza ubaya huo. Wako wanaoinua mbele kwa kufunga shakeli ndefu, yaani vile vyuma viwili vinavyoning'iniza mwisho mmoja wa springi. Ikiwa katika gari lako shakeli ya mbele iko upande wa mbele wa springi, kuirefusha hushusha mwisho wa mbele wa springi, na ekseli hulazwa kuelekea mbele. Hapo mlalo unapotea mara ya pili. Wako pia wanaofunga matairi mapana, na vipande vya chuma vya kusogeza gurudumu nje ili gari liwe na kifua. Kila unavyolisogeza gurudumu mbali na kingpini yake, ndivyo shimo linavyopata mkono mrefu wa kulizungusha. Tena kuna wale wanaopunguza upepo wa tairi ili kutoka matopeni, jambo ambalo ni zuri, kisha wakifika lami wanasahau kuujaza tena, jambo ambalo ni baya sana.

SHOKABSOBA YA USUKANI SI DAWA

Mwenye gari akilalamika kuhusu mtetemeko, mara nyingi dawa anayouziwa ni ile shokabsoba ndogo iliyolala chini mbele, imefungwa katika chuma cha usukani. Huuziwa mpya, pengine huuziwa mbili. Gari hutulia, pesa hulipwa, kila mtu huenda zake.

Nami nasema wazi kwamba hii si dawa. Shokabsoba hiyo ina kazi yake halali: hupunguza mapigo ya mawe yasifike mikononi mwako. Lakini gari zima, lenye mlalo wake na viungo vilivyokaza, huenda sawa hata ikiondolewa. Ukiifunga juu ya ugonjwa, imekuwa kama kumpa mgonjwa kidonge cha kutuliza kichwa huku malaria inaendelea kumla. Viungo huzidi kulegea bila wewe kujua. Siku shokabsoba itakapovuja mafuta yake, mtetemeko utarudi ukiwa mkubwa kuliko mwanzo, nawe hutakuwa na onyo.

Mkulima mmoja wa upande wa Koru alifika ofisini kwetu kuulizia mbegu, mazungumzo yakaingia katika magari. Alikuwa amefunga shokabsoba ya tatu ndani ya mwaka mmoja. Ya kwanza ilimpa miezi kadhaa ya amani, ya pili ikampa michache, ya tatu haikumaliza mwezi. Mwishowe fundi mzee alimwondolea bamba moja la nyuma na kubadili kichwa kimoja cha tairodi kilichokuwa kikicheza. Gari likatulia. Vyuma vyake vitatu sasa vinashikilia mlango wa banda la kuku, na nadhani hiyo ndiyo kazi iliyovifaa tangu mwanzo.

LICHUNGUZE MWENYEWE

Huhitaji gereji kubwa ili kujua gari lako lina nini. Linahitajika jeki, mtu mmoja wa kukusaidia, na saa moja ya mchana. Liweke gari mahali pa tambarare, magurudumu ya nyuma yazuiwe kwa mawe.

Kwanza, gari likiwa bado chini kwa uzito wake, mwambie mwenzako aketi ndani auzungushe usukani kidogo tu, kushoto na kulia, tena na tena. Wewe lala chini utazame. Weka kiganja juu ya kila kiungo: vichwa vya tairodi, kile chuma kinachotoka katika sanduku la usukani, na sanduku lenyewe pale lilipofungwa katika chesisi. Kiungo kilicholegea utakisikia kwa mkono kabla jicho halijakiona. Chuma kimoja huanza kwenda na cha pili kinachelewa. Usisahau bolti za sanduku. Gari lililotetemeka mara nyingi huzilegeza, na wakati mwingine chesisi yenyewe huwa imepasuka hapo.

Kisha inua gurudumu moja la mbele kwa jeki. Lishike juu na chini, ulisukume na kulivuta. Likicheza, mwambie mwenzako akanyage breki kwa nguvu, nawe ulitikise tena. Ikiwa mchezo umekwisha, kosa liko katika beringi za gurudumu. Ikiwa mchezo ungali upo, kosa liko katika kingpini. Halafu lishike kulia na kushoto ulitikise. Mchezo wa upande huu mara nyingi ni wa vichwa vya tairodi. Fanya hivyo kwa gurudumu la pili.

Juu ya kingpini nataka kukaa kidogo, maana ndizo zinazosahauliwa. Hazitakiwi tu zisicheze, bali zinatakiwa ziwe na ugumu kiasi zinapogeuka. Ugumu huo ndio unaozuia mtetemeko usianze. Katika Landrova, na katika Land Cruiser nyingi za ekseli nzima, chini ya kifuniko cha kingpini kuna vibati vyembamba. Fundi akiondoa kimoja, kingpini hukaza zaidi. Hupimwa kwa kufungua tairodi, kisha kuvuta mkono wa usukani kwa mizani ya springi yenye ndoano, ya namna ile wanunuzi wa samaki wanayopimia mbuta ufukweni Dunga. Kipimo chenyewe kimeandikwa katika kitabu cha gari, na hutofautiana kati ya gari na gari. Fundi anayekaza kwa kukisia atakuletea usukani mzito usiorudi, au atakuacha ulivyokuwa.

Mwisho tazama springi. Yubolti zinazoshika springi na ekseli zimekaza? Kichwa cha bolti ya katikati kimekaa ndani ya tundu lake? Bolti hiyo ikikatika, ekseli husogea upande mmoja, na hakuna usukani utakaokaa sawa. Bushi za springi na shakeli nazo zitazame. Zikiliwa, ekseli hupata nafasi ya kucheza.

Magari ya siku hizi kidogo yana tofauti. Landrova zilizotolewa toka mwaka wa 1983 zina springi za kuzunguka kama za kitanda, na Land Cruiser za kazi zilipewa springi za namna hiyo mbele toka mwaka wa 1999. Katika hizo ekseli ya mbele hushikwa na mikono miwili inayokwenda nyuma, na chuma kimoja kilicholala kukingama toka chesisi hadi ekseli. Ukifunga springi ndefu, ile mikono huinuka kwa nyuma na kuizungusha ekseli ielekee mbele, na kasta hupotea palepale. Kwa hiyo anayeinua gari la namna hii sharti anunue pamoja na springi bushi au mikono ya kurudisha mlalo. Na mtetemeko ukianza, kitu cha kwanza kutazamwa ni bushi za kile chuma cha kukingama.

IKIWA NI LAZIMA ULIINUE

Sisemi usiliinue. Nasema upime. Kabla fundi hajafungua nati hata moja, chukua futi na daftari. Gari likiwa tupu, pima toka ardhini hadi chini ya chesisi, mbele na nyuma, pande zote mbili, uandike. Kazi ikiisha, pima tena. Nyuma ikiwa imepanda sentimita 10 na mbele 2 tu, una hesabu ya kumwonyesha fundi, na hesabu haigombani na mtu.

Inua kidogo, na uinue mbele na nyuma kwa kiasi kinachokaribiana. Kwa mwenye mzigo wa msimu, afadhali bamba la msaada linaloguswa tu mzigo unapokuwapo, kuliko kuikaza springi nzima iwe ngumu mwaka mzima. Ikiwa kasta imepotea, inaweza kurudishwa kwa kabari ya chuma inayowekwa kati ya springi na ekseli. Mkumbushe fundi kwamba kabari lazima ilaze juu ya kingpini kuelekea kwa dereva. Ikigeuzwa, ugonjwa huzidi maradufu. Kabari iwe ya chuma kizima na ishikwe na bolti ya katikati, si kipande cha bati kilichokunjwa. Tena ekseli ikizungushwa, propela ya mbele nayo hubadili pembe yake, kwa hiyo kabari nene sana huponya usukani na kuua viungo vya propela. Ndiyo sababu nilisema inua kidogo.

Yubolti zifungwe mpya, na zikazwe mara ya mwisho gari likiwa chini kwa uzito wake. Baada ya siku chache za kazi zikazwe tena, maana mabamba mapya hukaa polepole. Kisha gari lijaribiwe mara mbili, likiwa na mzigo na likiwa tupu. Fundi akitaka kulijaribu kwa kuzunguka karakana tu, mkatalie.

Na ikiwa mtetemeko utakukuta barabarani kabla hujafanya yote haya, usikanyage breki kwa ghafula. Breki huupa mbele uzito zaidi na mara nyingi huzidisha kishindo. Ondoa mguu katika mafuta, shika usukani imara kwa mikono miwili bila kupigana nao, vidole gumba vikae nje ya duara visije vikavunjwa. Acha gari lipunguze mwendo lenyewe, kisha sogea pembeni polepole. Ukisimama, usiendelee na safari kwa sababu tu limenyamaza. Shuka, lala chini, tazama bolti za sanduku la usukani na nati za magurudumu, maana kishindo kimoja kama hicho chaweza kulegeza kilichokuwa kimekaza asubuhi. Ukikuta kitu kimeachia, wateremshe abiria wapande matatu, na gari lifuatwe na fundi.